Nzilani, Aliyerudisha Mbuzi kwa Mkono Wake

Wasifu wa marehemu Agnes Nzilani, 1980–2025. Unasomwa na bintiye, Kasiva, katika makaburi ya Lang'ata, Jumamosi tarehe 22 Machi 2025.

Wazazi wetu, majirani wa Laini Saba, wateja wa supu kutoka Kawangware, na nyinyi mliosimama kule nyuma kando ya lori la Kitui: asanteni kwa kufika. Nimeombwa nisome polepole na nisimtukane mtu. La kwanza nitajaribu.

Marehemu Agnes Nzilani alizaliwa tarehe 12 Juni 1980 karibu na Mutomo, Kitui, kifungua mimba wa marehemu mzee Mutinda na mkewe, marehemu Mbithe. Alizaliwa njiani, mama yake akirudi kuteka maji, ndiyo akaitwa Nzilani, yaani wa njiani. Nyanya alikuwa akisimulia kwamba alipojaribu kumfunga mgongoni ampeleke nyumbani, kitoto hicho kilimsukuma kwa miguu yote miwili. Nyanya akambeba mkononi, na mtungi wa maji akauacha palepale.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini kwao. Akiwa darasa la sita, mwalimu alimwita mbele amchape kwa kosa la mwenzake. Mwalimu akasema, "Nyosha mkono." Marehemu akasema, "Mkono ni wangu. Nimekosa nini?" Alichapwa mpaka fimbo ikavunjika, ikaletwa nyingine. Wote mliowahi kupokea bakuli la supu kutoka kwake mliliona lile kovu kwenye kiganja cha kulia. Lilitoka darasa la sita. Alifaulu mtihani wa darasa la nane mwaka 1995, akaingia kidato cha kwanza Januari iliyofuata, na alipenda hesabu kuliko kitu chochote.

Mwaka 1997, akiwa kidato cha pili, alitolewa darasani katikati ya muhula. Mzee Mutinda alikuwa amepokea mbuzi watatu kutoka kwa mzee Ndululu, mtu mwenye shamba, aliyekuwa amezika mke wa kwanza. Kwetu Wakamba, mbuzi hao watatu huitwa wa ntheo. Baba wa msichana akishawapokea, msichana ameolewa, awe anajua au awe anafanya hesabu ubaoni. Marehemu alisema hapana. Alisema kwa baba, kwa wazee, na kwa pasta, ambaye alimwambia mkataa pema pabaya panamwita. Akapelekwa kwa Ndululu akiwa amefungwa mikono nyuma ya pikapu.

Huko alikaa chini ya mwaka mmoja. Alipigwa asubuhi kwa kukataa kuteka maji na jioni kwa kukataa kuongea. Alipotoroka mara ya kwanza alirudishwa, akafungwa kamba kwenye nguzo ya ghala kama mnyama. Mengine yaliyompata humo hakuyasimulia, nami sitayabuni. Mara ya pili aliikata kamba kwa kipande cha bati, akatembea usiku kucha hadi barabara kuu, akafika Nairobi nyuma ya lori la makaa akiwa mweusi kuliko makaa yenyewe.

Alianza maisha Laini Saba, Kibera, mwaka 1998. Alifua nguo za watu, akabeba maji, kisha akajifunza kazi ya vichwa na miguu ya mbuzi: kuchoma manyoya kwa chuma cha moto, kukwaruza, kupasua kwa shoka, kuchemsha hadi alfajiri. Kando ya reli ile hakukuwa na mwanamke mwingine mwenye shoka lake mwenyewe. Walimcheka, kisha wakaonja supu, kisha wakanyamaza.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa nyinyi wa nyuma. Mila iliyofungua mlango wa kuingia ilifungua pia wa kutoka. Upo mbuzi mmoja wa kukataa, mbui ya ulee. Mume akimpokea, ndoa imekwisha. Lakini anayempeleka ni baba wa msichana, au ndugu yake wa kiume. Marehemu alimtumia baba yake ujumbe amrudishe. Babu akajibu kwamba ntheo ilishaliwa na maji yakimwagika hayazoleki.

Basi Agosti 1999 marehemu akapanda basi hadi Kitui. Akanunua mbuzi jike sokoni, akamkata ncha ya sikio la kulia ili asije akabadilishwa, akamvuta hadi bomani kwa Ndululu. Wazee walikuwa wameketi. Akasema, "Huyu ni mbuzi wangu wa kukataa. Nimemnunua kwa jasho langu na nimemleta kwa mkono wangu. Mzee Ndululu, mimi si wako."

Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa na ugoro.

"Baba yako ako wapi?" Ndululu akamuuliza.

"Ako kwake."

"Rudi na yeye. Mwanamke hawezi rudisha mbuzi. Umewahi ona mbuzi ikirudisha mbuzi?"

"Huyu ndiye nimefunga kamba, mzee. Mimi nimekuja bila kamba."

Kamba hiyohiyo ndiyo waliyompigia, Ndululu na ndugu zake wawili. Walimpiga mpaka akazirai, wakamburuta na kumtupa barabarani. Wanawake wa boma la jirani walimwokota wakampakia kwenye baiskeli. Sikio la kushoto halikusikia tena. Alikuwa akitutania nyumbani, "Mimi na mbuzi wangu, kati yetu masikio mazima ni mawili." Tulicheka, kwa sababu alitaka tucheke. Lakini mbuzi alibaki kwa Ndululu. Hakuna aliyemkimbilia marehemu na kumwambia chukua mnyama wako. Wekeni hilo kichwani.

Mwaka 2000 alikutana na baba yangu, Mukhwana, fundi wa mawe, wakaanza maisha pamoja. Hakukuwa na mbuzi wala ng'ombe. Watu wa baba kutoka Kakamega walipotaka kujua wapeleke mahari wapi, marehemu aliwaambia, "Nimekuja kwa miguu yangu. Mkitaka kulipa, lipeni viatu." Wakamletea viatu vya ngozi, na leo amevivaa. Mimi nilizaliwa Kibera tarehe 3 Septemba 2001.

Januari 2008, watu walipokuwa wakichinjana kwa sababu ya kura, vijana walifika mlangoni petu Laini Saba na mapanga na mtungi wa petroli. Nilikuwa na miaka sita, chini ya kitanda. Walitaka kujua sisi ni wa upande gani.

"Nyinyi ni wa nani hapa?" mmoja akapiga kelele.

Marehemu alisimama mlangoni na shoka. "Mimi ni wa Nzilani."

"Nzilani ndiye nani?"

"Ni mimi."

Walibaki wakitazamana, kwa sababu jibu hilo halikuwa upande wowote. Tukapata nafasi ya kutoka na sufuria kubwa na blanketi moja. Kisha nyumba wakaichoma vilevile. Baba alipigwa panga la bega akirudi kutafuta vyombo vyake vya kazi, na mpaka leo mkono huo haupandi juu ya kichwa.

Tukahamia Kawangware, kwenye ploti ya mama Wamucii, aliyeketi hapa mbele na mwamvuli wake. Kibanda cha supu kikawa kando ya lango lake kwa miaka yote iliyofuata. Hapo ndipo mwizi alipoiba kichwa cha mbuzi kwenye sufuria kikiwa bado cha moto. Alikamatwa kabla ya kufika barabarani. Umati ulikwisha kumpasua uso kwa mawe, na tairi lilikuwa shingoni. Marehemu aliingia katikati na shoka lake.

"Wacheni."

"Mathe, huyu ni mwizi! Tunachoma!"

"Kichwa cha mbuzi ni changu, akirudishe. Kichwa chake ni chake. Wewe unakichoma kama nani?"

Mmoja alimrushia jiwe likampasua paji la uso. Aliendelea kusimama, damu ikimwingia machoni, mpaka wakachoka. Yule mwizi alinyanyuka akakimbia, hakusema asante, na kichwa hakukirudisha. Marehemu alimlaani wiki nzima. Lakini nilipomuuliza kama angefanya tena, aliniuliza kwani ningetaka afanye nini.

Babu Mutinda alipofariki mwaka 2012, mjomba wangu Kevin alikuja Kawangware na suluhisho. Mjomba ni mtu wa amani, na namshukuru kwa nia yake.

"Dada, tumalize hii maneno," akasema. "Saa hii mimi ndio mwanaume wa boma. Wacha nipeleke hiyo mbuzi, wazee wakunywe, iishe."

"Kevin, ukinirudisha wewe, basi nilikuwa wako. Na wewe ukikufa, nitakuwa wa nani?"

"Ni mila tu."

Mama Wamucii alikuwa amempakata mjukuu mchanga. Marehemu akamwambia mjomba ashike mkono wa mtoto kwa nguvu. Mjomba akaushika. Mtoto akauvuta, akakunja uso, akaanza kulia.

"Umeona? Nani alimfundisha? Hajaenda shule, hajaingia kanisa, hajui Kikamba wala Kikikuyu. Anajua tu mkono ni wake. Hiyo sheria ilikuja naye. Hakuna mzee aliiandika, na hakuna mzee atanifutia."

Mjomba alikunywa supu, akaenda zake. Watu wengi, hata mimi nikiwa shule, tuliona marehemu anajitia shida bure. Mbuzi mmoja tu angepelekwa na mwanamume, mambo yangeisha. Alijua hivyo kuliko sisi.

Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2023, shida hiyo ilifika mlangoni. Habari zilikuwa zimefika Kitui kwamba Kagiri, mchumba wangu wakati huo, anataka kunioa. Mulwa, mwana wa Ndululu kwa mke wa kwanza, alikuja na wanaume watatu na gari. Hoja yao ilikuwa fupi: mbuzi wa kukataa hajarudishwa, kwa hivyo Nzilani bado ni wa Ndululu, kwa hivyo mimi, niliyezaliwa na Mukhwana, ni mtoto wa mbuzi wao, na mahari yangu yaende kwao. Wawili walinishika nywele na mikono wakaanza kuniburuta hadi kwenye gari. Ilikuwa saa saba mchana, wateja wamejaa.

Marehemu hakupiga kelele. Alishusha shoka kwenye mkono ulioshika nywele zangu. Kidole kimoja kilibaki juu ya kigogo cha kupasulia, kati ya kwato za mbuzi, na mwenye kidole akakimbia akiishika damu yake. Mulwa akamtandika marehemu kwa bomba la chuma kwenye muundi mpaka mfupa ukaonekana. Alianguka, akajivuta kwa viwiko, akauma mguu wa yule aliyebaki nami. Wateja wakainuka na viti. Gari liliondoka bila vioo.

Kituo cha polisi tuliambiwa hayo ni mambo ya boma, twende tukaongee na wazee.

Kidonda hicho hakikupona. Ndipo ikajulikana kwamba marehemu alikuwa na ugonjwa wa sukari, na hakuwahi kupimwa. Kufikia Desemba mwaka jana mguu ulikuwa umegeuka mweusi hadi chini ya goti, na madaktari walisema ukatwe au utamuua. Alikataa. "Nimekata miguu ya mbuzi miaka ishirini na zaidi," alimwambia daktari. "Huu haukatwi." Nilimlilia. Nilimfokea mbele ya wodi nzima. Nilimwambia anatuacha kwa sababu ya ukaidi. Akaniambia, "Kasiva, ukinilazimisha wewe kwa mapenzi, na Mulwa kwa bomba, mimi nitajuaje tofauti?" Mpaka leo nina hasira naye, na ninampenda, na sijui niweke wapi hizo mbili.

Alifariki Jumapili tarehe 9 Machi 2025, asubuhi, akiwa na akili zake zote. Alikuwa amesema azikwe Lang'ata, karibu na Kibera alikoanzia, wala si Mutomo kwa baba yake, wala Kitui kwa Ndululu hata kwa bunduki.

Programu mliyo nayo mkononi inaishia hapo, na majina ya waliobaki. Haya ninayosoma sasa niliyaandika jana jioni, kwa sababu ya yaliyotokea jana mchana.

Tulifika mochari kuchukua mwili. Lori lilikuwa limetangulia, na wanaume zaidi ya kumi na Mulwa mbele yao. Mzee Ndululu alikuwa ameketi kando ya dereva na bakora yake. Wanawake wao walikuwa nyuma ya lori, wamekuja kulia. Mulwa alisema mwili ni wa mume, na mume ni aliyetoa ntheo. Wakashika sanduku upande wa kichwa, sisi tukashika upande wa miguu. Tulivutana. Mpini ukang'oka, sanduku likaanguka kwenye saruji, na mama yangu akagonga humo ndani. Niliusikia mlio huo na nitausikia nikiwa mzee.

Baada ya hapo sikumbuki yote kwa mpangilio. Wachinjaji wa Kawangware walitoa visu. Kagiri alivunjwa pua. Mimi nilipasuliwa shavu, mnaona bandeji. Mama Wamucii alimpiga Mulwa kwa mwamvuli mpaka ukapinda, kisha akampiga kwa mpini. Damu ilikuwa juu ya sanduku, ya kwetu na ya kwao. Hapo mtu mmoja alikuwa afe, na ndipo nikapanda juu ya sanduku la mama yangu kwa miguu yangu, Mungu anisamehe, nikapiga kelele:

"Mbuzi yake ako wapi?"

Mikono ikasimama kwa mshangao tu.

"Mbuzi gani?" Mulwa akasema, akitema damu.

"Ile mama alileta ikiwa imekatwa sikio."

"Hiyo haikuhesabiwa. Mwanamke hawezi rudisha mbuzi."

"Sawa. Kama haikuhesabiwa, haikuwa yenu. Ilibaki ya mama. Watoto wake pia ni wa mama. Wako wapi?"

Mzee Ndululu akatoa kichwa dirishani. "Walikufa na kiangazi, wote."

Hapo mwanamke mmoja akasimama nyuma ya lori. Sikumjua, sikuwa nimewahi kumwona. Alikuwa Katunge, aliyeolewa na Mulwa.

"Walikufa, mzee?" akauliza. "Mimi nimewachunga. Boma lote tunawaita mbuzi za Nzilani. Tumekunywa maziwa yao. Na watatu ndio mlipelekea baba yangu."

"Katunge, keti!" Mulwa akasema.

"Ntheo yangu ilikuwa mbuzi za Nzilani. Si ulijisifu wewe mwenyewe kwetu, ati ni mbegu nzuri? Sasa nieleze. Kama zilikuwa zenu, basi mlizipokea, na huyu mama alikuwa huru tangu siku hiyo. Na kama hazikuwa zenu, wewe hukunitolea kitu. Ni yeye alinitolea."

Mtu mmoja wa upande wao alicheka, akajizuia, akashindwa. Mulwa alipanda lorini akampiga Katunge kofi la kumwangusha. Aliinuka. Alipigwa la pili, akainuka tena, akavuka ubao wa lori, akashuka. Midomo ilikuwa imepasuka. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye sanduku, akashika pale mpini ulipong'oka, akaniangalia.

Nikamwambia, "Dada, wewe si wa mama yangu. Mama asingekubali."

"Najua," akasema. "Kwani nani amenishusha?"

Tukainua. Hakuna aliyevuta upande wa pili. Mzee Ndululu alipandisha kioo cha dirisha.

Mzee, leo umekuja, na sijui umekuja kwa nini. Kama ni kuzika, chukua mchanga urushe kama wengine. Kama ni kungoja mbuzi, hakuna. Baada ya hapa kuna mahindi ya muthokoi na chai kwa mama Wamucii, na hatukuchinja chochote, ili mtu asije akasema kesho kwamba alikula mbuzi wa Nzilani akalipwa. Na Mulwa, yule unayemtazama tangu nianze kusoma ameketi na watu sasa. Ukimsogelea utakutana na wachinjaji wote wa Kawangware, na shoka ninalo mimi.

Marehemu ameacha mwenzake Mukhwana. Mimi binti yake, na mkwe wake Kagiri. Ndugu yake Kevin Mutinda. Rafiki yake mama Wamucii. Na wateja ambao kesho asubuhi watafika kibandani kwa mazoea. Mwenye kalamu aongeze jina moja kwenye programu yake: Katunge. Nilimuuliza jana niandike mke wa nani au binti wa nani mbele ya jina hilo. Alifikiri sana, akasema niliache peke yake.

Nzilani wa Nzilani, Mungu akupe pumziko la amani.